Moto wa Mazishi na Moto wa Arusi kwa Wahindu

Ndugu msomaji, kila tunapotembelea vituo vya kisomo na kusema kwamba tuliwahi kuishi India, swali la kwanza huwa lile lile. "Ati ni kweli watu wale huwachoma wafu wao?" Wengine huuliza kwa mshangao, wengine kwa kucheka. Jibu ni ndiyo. Wahindu huwachoma wafu wao. Lakini jibu fupi kama hilo humwacha mtu pale pale alipokuwa. Tena moto kwao si wa mazishi tu. Hata arusi hufungwa mbele ya moto. Basi leo tutaeleza mambo yote mawili, mazishi na arusi, kama tulivyoyaona katika nyumba moja.

Kwanza tuweke sawa majina. Mhindi ni mtu ambaye asili yake ni India. Mhindu ni mtu anayefuata dini ya Kihindu. Hapa kwetu tumezoea kuwaita wote Wahindi, tukaishia hapo. Lakini Bohora na Ismailia ni Waislamu, Mgoa aghalabu ni Mkristo, na Kalasinga ana dini yake mbali. Hao ni Wahindi, ila si Wahindu. Mhindu ndiye yule ambaye wazee wa pwani walimwita Baniani, wakamtungia na methali ya kiatu chake. Kwa hesabu ya watu ya mwaka 2011, karibu watu 80 katika kila watu 100 wa India walikuwa Wahindu. Watu wengi namna hiyo hawawezi kuwa na desturi moja. Tunayoyaeleza hapa ni ya Pune, mji mkubwa wa jimbo la Maharashtra, magharibi ya India. Lugha yao ni Kimarathi.

Tulikaa Pune toka mwaka 2016 hadi 2019 kwa masomo. Tulikuwa Watanzania wawili, tukapanga chumba cha juu katika nyumba ya mzee mmoja mstaafu wa reli. Chini walikaa yeye na mkewe, binti yao ambaye ni muuguzi, na wazazi wake wawili wazee sana. Mwenye nyumba tulimwita Kaka. Usishangae. Kwa Kimarathi kaka ni baba mdogo. Dada ni kaka mkubwa. Na mama ni mjomba! Wiki za kwanza tulichanganyikiwa kweli kweli. Bibi wa nyumba ile tulimwita Aji, yaani bibi, na babu tulimwita Ajoba.

Ajoba anafariki

Ajoba alifariki alfajiri moja ya Agosti 2017. Kule mvua huanza Juni na kuendelea hadi Septemba, na siku hiyo ilikuwa inanyesha. Sisi tulisikia kilio, tukashuka. Kwetu msiba wa mwenye nyumba ni msiba wa mpangaji pia, lakini ugenini hujui ushike wapi. Basi tuliuliza. Jirani mmoja akatuambia tuvae mashati meupe, tuvue viatu, tukae na wanaume wengine pale nje. Kwao nyeupe ndiyo rangi ya msiba. Tukauliza kama rambirambi ya fedha hutolewa. Akasema hapana, njooni tu mkae.

Mambo huenda haraka. Kama ilivyo kwa Waislamu, Wahindu hawapendi maiti alale ndani siku nyingi. Walimwosha Ajoba, wakamvika nguo nyeupe mpya, wakamtia mdomoni maji ya mto Ganga na jani la mrihani wao mtakatifu. Wakamlaza juu ya machela ya mianzi na kumpamba kwa maua. Machela ikabebwa mabegani na wanaume wakipokezana. Kaka, kwa kuwa ni mtoto wa kwanza wa kiume, alitangulia mbele akiwa amebeba makaa ya moto ndani ya chungu. Moto huo hutoka nyumbani kwa marehemu. Hauazimwi njiani. Njia nzima watu walitamka jina la Mungu wao Ram. Na sisi tuliombwa tushike machela kwa hatua chache, tukashika.

Wanawake wa nyumba ile walibaki nyumbani. Ndivyo desturi ya zamani inavyotaka, ingawa siku hizi katika miji binti huweza kwenda, na wapo mabinti wanaowasha moto wenyewe pale ambapo marehemu hakuacha mtoto wa kiume.

Pune ina uwanja maarufu wa kuchomea maiti uitwao Vaikunth. Zipo tanuri za umeme, na upo upande wa kuni. Kwa kuni, mwili mmoja huhitaji kilo mia kadhaa. Ukifikiria watu wanaokufa katika nchi ya watu zaidi ya bilioni moja, utaona misitu inavyopata shida. Ndiyo maana serikali huhimiza umeme na gesi. Lakini Ajoba alikuwa amesema anataka kuni, na neno la mzee halikupingwa.

Maiti akalazwa juu ya lundo la kuni, akafunikwa kwa kuni nyingine, samli ikamwagwa. Kaka akabeba mtungi wa maji begani na kulizunguka lundo mara tatu. Kila mzunguko mtu alitoboa mtungi kwa jiwe, maji yakawa yanachuruzika nyuma yake. Baada ya mzunguko wa tatu akauachia mtungi udondoke nyuma ya mgongo, ukavunjika, naye hakugeuka kuutazama. Halafu akawasha moto.

Tuseme kweli, ndugu msomaji, ni jambo zito kulitazama. Mtu aliyezoea kaburi na udongo moyo wake hushtuka. Lakini angalia wanavyoamini wao. Mhindu anaamini kwamba mwili ni vazi la roho. Vazi likichakaa, roho hulivua na kwenda kutafuta jingine. Vazi lenyewe limetengenezwa kwa vitu vitano, yaani udongo, maji, moto, hewa na anga. Kazi ya walio hai ni kuvirudisha vitu hivyo vilikotoka, tena upesi, ili roho isibaki ikizungukazunguka karibu na mwili wake wa zamani. Moto hufanya kazi hiyo. Kumwacha mzazi aoze ardhini, kwa Mhindu yule, ndiyo ukatili. Kaka alituuliza swali hilo waziwazi baadaye: "Ninyi mnawezaje kumwacha mama yenu na wadudu?" Basi kila mtu na mshtuko wake.

Tena si kila Mhindu huchomwa. Watoto wachanga huzikwa, kwa sababu vazi lao halijachafuka. Watawa wakubwa nao huzikwa. Na liko kundi liitwalo Walingayat, wengi wao katika jimbo la jirani la Karnataka, ambao huwazika wafu wao wakiwa wameketi.

Tuliporudi nyumbani tulipewa majani ya mwarobaini tuyatafune, na tukaambiwa tuoge kabla ya kugusa kitu chochote. Mwarobaini ule ule wa kwetu, na uchungu ule ule! Jiko la nyumba halikuwashwa siku ile. Majirani walileta wali na mchuzi wa unga wa dengu. Hapo tulijiona tupo kijijini kwetu kabisa.

Kunguru wa siku ya kumi

Siku ya tatu Kaka na mdogo wake walikwenda kuokota mifupa na majivu. Wakayapeleka Nashik, mji ulioko kilometa kama 200 kutoka Pune, wakayamwaga katika mto Godavari. Ndani ya nyumba taa ndogo ya mafuta iliwaka mchana na usiku, utambi wake ukielekea kusini. Wahindu husema kusini ndiko anakokaa mungu wa mauti.

Siku ya kumi tulikwenda nao kando ya mto. Kaka alikuwa amenyoa nywele zote. Guruji, yaani mkuu wa ibada, alitengeneza matonge ya wali, yakawekwa juu ya majani mahali pa wazi. Kisha watu wote wakarudi nyuma, wakangoja kunguru. Imani yao ni kwamba kunguru akila tonge, marehemu ameridhika. Asipokuja, kuna jambo lililombakia moyoni.

Kunguru walikuwepo mtini, wengi tu. Hawakushuka. Kaka akasema kwa sauti, "Baba, mama tutamtunza." Kimya. Mdogo wake akasema, "Baba, lile deni la shamba tutalilipa." Kimya. Ndipo Kaka akasema, "Baba, arusi ya mjukuu wako tutaifanya, na tutaifanya vizuri." Kunguru mmoja akashuka, akadokoa.

Sisi hatusemi kwamba kunguru anajua Kimarathi. Lakini ahadi iliyotamkwa mbele ya ukoo mzima, kando ya mto, siku ya kumi ya msiba, ina uzito kuliko hati ya mahakama. Na ahadi hii nusura imwingize Kaka katika matatizo makubwa.

Gari la bwana arusi

Binti yule alikuwa amekwisha chumbiwa kabla ya msiba. Kwa ajili ya kifo, familia iliahirisha arusi mpaka mwaka upite. Katika mwaka huo wazee wa upande wa mume walikuja kunywa chai. Mjomba mmoja akasema, kama kwa utani, kwamba kijana wao angependeza akipata gari dogo.

Hapa inafaa tueleze. Kwetu upande wa mume ndio unaotoa mahari. Kule mambo ni kinyume. Upande wa mke ndio unaotoa. Kwa Kimarathi huitwa hunda. Sheria ya India ilipiga marufuku jambo hili tangu mwaka 1961. Kutoa ni kosa, kupokea ni kosa, kudai ni kosa. Lakini halikwisha. Lilibadilisha jina tu, likaitwa zawadi. Na mke ambaye wazazi wake hawakutoa cha kutosha huweza kuteswa, kupigwa, hata kuuawa. Mwaka 1986 iliongezwa sheria nyingine: mke akifa kwa kuungua, kwa majeraha, au kwa kifo kisicho cha kawaida kabla ya miaka 7 ya ndoa kupita, na ikionekana aliteswa kwa ajili ya mahari, basi mume na jamaa zake hushtakiwa kwa kifo hicho. Katika mwaka 2022 peke yake polisi wa India waliandikisha vifo vya namna hii zaidi ya 6,000. Soma tarakimu hiyo tena polepole.

Kaka alikuwa mtu wa pensheni. Alianza kuulizia mkopo. Tulimsikia usiku akibishana na mkewe, na kila mara neno lilikuwa lile lile: nilimwahidi baba kwamba itakuwa vizuri. Alipofikia kusema atauza sehemu ya shamba la kijijini, binti akakataa. Hakupiga kelele. Alisema, "Mimi nafanya kazi hospitali. Nimewafunga bendeji wasichana walioolewa kwa magari. Kama ni gari, basi arusi haipo." Akaenda kazini.

Miezi miwili nyumba ilikuwa kimya. Ndugu wengine walimlaumu binti. Msichana ambaye uchumba wake umevunjika hupata shida kuchumbiwa tena, na hilo kila mtu alilijua, yeye mwenyewe pia. Halafu Jumapili moja yule kijana alikuja peke yake, kwa basi. Alikaa ukumbini na Kaka kama nusu saa. Tulichoambiwa ni kwamba alisema hataki gari, na kwamba wajomba zake atazungumza nao mwenyewe. Arusi ikapangwa. Hata hivyo Kaka alitoa dhahabu, jokofu na kitanda, na mkopo alichukua, ingawa mdogo. Sheria na ahadi ya mtoni ziligawana njia hapo.

Hatua saba

Arusi ya Wahindu haifanywi siku yoyote tu. Guruji hutazama kalenda ya nyota na kuchagua siku na dakika. Miezi minne ya mvua arusi nyingi hazifungwi. Ya kwetu ilikuwa Desemba 2018.

Siku moja kabla, bibi arusi alipakwa manjano mwili mzima, na mikono ikatiwa hina. Alivishwa bangili za kijani. Neno letu bangili tumelipata kutoka kwa hao hao. Siku yenyewe alivaa sari ya manjano, kwani katika jimbo lile ndiyo rangi ya arusi. Kaskazini ya India hupenda nyekundu. Nyeupe, la hasha! Tuliwahi kumwonyesha Aji picha ya arusi ya dada yetu, shela nyeupe toka kichwani hadi miguuni. Aji akaitazama sana, kisha akauliza kwa sauti ya chini kama dada yetu alikuwa mjane.

Bwana arusi alisimama upande huu, na kitambaa kikashikwa mbele yake ili asione ng'ambo. "Sasa mama anamleta bibi arusi," mtu akatuambia. Tukatazama, akatokea mwanamume mwenye masharubu. Ndiye mjomba. Guruji akaimba dua, na kila dua ilipokwisha wageni wote, sisi pia, tuliwarushia maharusi punje za mchele uliotiwa rangi. Dua ya mwisho ilipokwisha, kitambaa kikaondolewa kwa ghafla, ngoma zikalia, wakavishana mashada ya maua.

Wageni wengi hudhani hapo ndoa imefungwa, wakaanza kutafuta chakula. Bado. Kiini cha arusi ni moto mdogo unaowashwa ndani ya kijungu cha matofali. Maharusi huuzunguka, kisha hutembea hatua saba pamoja. Kila hatua ina kiapo chake, cha chakula, cha nguvu, cha mali, cha heri, cha watoto, cha kuvumiliana katika kila majira, na ya saba ni ya urafiki. Moto ndio shahidi. Kwa sheria ya ndoa ya Wahindu ya mwaka 1955, pale ambapo desturi hii hutumika, ndoa hukamilika hatua ya saba inapokanyagwa. Kabla ya hapo hakuna ndoa. Sheria hiyo hiyo ilimkataza Mhindu kuwa na wake wawili. Na tangu mwaka 1978 umri wa chini ni miaka 18 kwa mke na 21 kwa mume.

Kuna kichekesho kimoja. Kaka wa bibi arusi, na huyu alikuwa mtoto wa baba yake mdogo, humshika bwana arusi sikio na kulisokota mbele ya watu wote. Maana yake: ukimtesa dada yetu tutakuja. Bwana arusi alilipwa usumbufu wake kwa zawadi, lakini sikio lilikuwa jekundu kweli. Bibi arusi akafungwa shingoni mkufu wa shanga nyeusi na dhahabu, na kupakwa nywele unga mwekundu pale zinapogawanyika. Hizo ndizo alama za mwanamke mwenye mume.

Chakula hakikuwa na nyama. Zawadi ya fedha huongezwa rupia moja, yaani si 500 bali 501. Hesabu inayoishia na sifuri husemwa imefungwa, na hiyo moja huacha mlango wazi.

Bangili za Aji

Tumeliacha jambo moja la msiba kwa makusudi, tulieleze hapa. Ajoba alipokufa, wanawake walimkalisha Aji ndani, wakazivunja bangili zake za kijani, wakamfungua mkufu wa shanga nyeusi, wakamfuta alama nyekundu ya paji la uso. Sisi wanaume tulikuwa nje, tulisikia tu vioo vikivunjika. Alikuwa amezivaa tangu usichana wake.

Zamani mambo ya mjane yalikuwa mabaya zaidi. Katika koo fulani alichomwa hai katika moto wa mumewe. Wahindu wenyewe, kama Ram Mohan Roy wa Bengal, walipigana na desturi hiyo, na mwaka 1829 ikapigwa marufuku huko Bengal. Mwaka 1856 sheria iliruhusu mjane aolewe tena. Lakini bado mjane huhesabiwa kuwa mkosi katika shughuli ya furaha. Siku ile ya manjano, wanaoruhusiwa kumpaka bibi arusi ni wanawake wenye waume. Binti yule alimwita Aji aje ampake. Shangazi wakatazamana. Aji mwenyewe akakataa. Alisema mkono wake hauna bahati, akaketi nyuma karibu na mlango wa jikoni.

Mwaka 2022, sisi tukiwa tumekwisha rudi nyumbani, kijiji kimoja cha jimbo lile lile la Maharashtra kilifanya jambo kubwa. Kijiji hicho kinaitwa Herwad, wilaya ya Kolhapur. Mwezi wa Mei halmashauri ya kijiji ilipitisha azimio: kuanzia sasa hakuna kumvunjia mjane bangili, kumvua mkufu, wala kumfuta alama. Si bunge lililoanza, wala chuo kikuu. Ni kijiji cha wakulima. Mwezi ule ule serikali ya jimbo ikaandika waraka kuvitaka vijiji vingine vyote vifuate mfano wa Herwad.

Tulimwandikia yule binti, ambaye sasa ana mtoto mmoja, tukamwuliza kama habari hizo zilifika kwao. Akajibu kwamba zilifika, tena alimnunulia Aji bangili mpya za kijani na kumpelekea. Aji alizishukuru, akazifunga kwenye kitambaa, akaziweka sandukuni. Alisema atampa kitukuu akikua.